Mkasi wa Mgeni Rasmi

"Asiuguse mtu!"

Sauti ilitoka nyuma ya maputo ya sherehe. Haikuwa kubwa, lakini mkono wa Mkurugenzi wa hospitali, uliokuwa umeshafika kwenye mpini wa mkasi, uliganda hapohapo.

Msomaji uliyekosa gazeti la juma lililopita, usihangaike kulitafuta, huenda limeshafungia karanga. Mambo yalikuwa hivi. Hospitali ilikuwa ikifanya mazoezi ya kufungua chumba chake kipya cha kutibu mishipa ya damu. Mgeni rasmi alikuwa bado njiani, kwa hiyo Mkurugenzi akajifanya mgeni rasmi. Alishika mkasi mkubwa wa rangi ya dhahabu, akauelekeza kwenye utepe mwekundu uliofungwa kwenye vishikio viwili vya mlango, akabana.

Utepe haukukatika. Akabana tena. Wapi! Akavuta kwa hasira, mkasi ukateleza, na ncha yake ikazama chini ya mfupa wa mtulinga wa kushoto wa mshereheshaji, ambaye mji mzima unamwita Kipaza. Wakati huo Kipaza alikuwa ameinama karibu na utepe, maikrofoni mdomoni, akitangaza, "Historia inaandikwa!"

Ikaandikwa.

Sasa alikuwa amelala chali juu ya zulia jekundu, mkasi umesimama begani. Mkewe alikuwa amepiga magoti kando yake. Mkewe huyu ni fundi cherehani, na watu wote humwita Fundi, hata mama mkwe wake. Utepe ule aliushona yeye. Kwa kuwa hapendi kazi ya kulegealegea, aliutia bitana.

Asubuhi ileile alikuwa amemwambia Mkurugenzi, "Mkasi wako una ncha lakini hauna makali. Nikuletee wangu."

"Wa kwako mweusi, utaharibu picha," Mkurugenzi alijibu. "Na huu utepe wako mbona mnene kama mkanda wa suruali?"

Wote wawili walisema kweli, na hakuna aliyemsikiliza mwenzake.

Mwenye sauti alijitokeza. Alikuwa Daktari wa Mishipa, mwanamke mwembamba aliyeajiriwa pamoja na mashine mpya, na ambaye tangu afike alikuwa hajawahi kuiwasha kwa sababu ya utepe. Alichuchumaa, akaweka vidole kwenye kifundo cha mkono wa Kipaza. Akavihamisha. Akavihamisha tena.

"Mapigo hayasikiki," alisema. "Na mkono umeanza kuwa baridi."

"Uchomoeni basi huo mdude!" alipiga kelele mama mkwe, aliyekuja kumwona mwanawe akitangaza mbele ya wakubwa. "Mnamtazama kama televisheni!"

"Mama, mkasi ndio uliotoboa mshipa, na mkasi huohuo ndio umeziba tundu. Tukiuchomoa hapa, atatuishia mikononi kabla hatujafika kwenye lifti."

"Daktari," alinong'ona Kipaza, uso umepauka, "naweza kuomba maikrofoni izimwe? Watu wananisikia nikiugulia. Si vizuri kwa biashara."

Maikrofoni ikazimwa.

Mkurugenzi alivua koti. Zamani alikuwa daktari wa upasuaji, na watu wanasema alikuwa mzuri sana kabla hawajampa ofisi. "Apelekwe chumba cha upasuaji cha zamani," aliamuru. "Nitamfungua mwenyewe."

"Bosi, kuufikia mshipa ule utalazimika kukata mtulinga, au ufungue kifua kabisa. Damu itakayomwagika njiani sijui tutairudisha kwa kitu gani. Mashine tunayo. Ipo nyuma ya mlango huu."

"Chumba hakijafunguliwa."

"Ufunguo ninao mfukoni."

"Hujanielewa. Hakijafunguliwa rasmi."

"Kwa hiyo chumba kisifunguliwe, kifua kifunguliwe?"

"Kifua hakina mgeni rasmi!"

Usimhukumu haraka. Mtu huyu alizunguka ofisi za wakubwa kutafuta mashine ile mpaka nywele zikamwishia njiani. Aliambiwa kwamba mgeni rasmi akiridhika na sherehe, itakuja ya pili. Siku hiyo alikuwa na hofu mbili kifuani, ya mtu kufa na ya mgeni kununa, na kwa bahati mbaya ile ndogo ndiyo iliyokuwa ikipiga kelele zaidi.

"Ana mke," alisema Daktari. "Mke aseme."

Macho yote yakamgeukia Fundi. Naye alikuwa ameshika vidole vya mumewe, na kila alivyovisugua vilizidi kuwa kama vya mtu aliyetoka kuchota maji ya barafu.

"Utamfanya nini?" aliuliza.

"Wewe nguo ikitoboka mahali ambapo huwezi kupafikia kwa nje, unafanyaje?"

"Naigeuza."

"Na isipogeuka?"

Fundi alifikiri. "Naingiza kitambaa kwa ndani, nikipitia kwenye pindo."

"Ndiyo kazi yenyewe. Nitaingia kwa sindano kwenye mshipa wa paja, hapa kwenye kinena. Nitapandisha waya mwembamba ndani ya mshipa mpaka begani. Juu ya waya nitapitisha bitana iliyokunjwa. Ikifika kwenye tundu, naikunjua, inaziba kwa ndani."

"Paja?" mama mkwe alisimama wima. "Mwanangu kaumia bega, mnamvua suruali ya nini?"

"Mishipa imeungana, mama. Kabla ya kuuchomoa mkasi nitaziba damu kidogo kwa puto."

"Puto!" Mama mkwe alionyesha yaliyoning'inia ukutani, mekundu kwa meupe. "Haya ya sherehe? Mkwe wangu, unawasikia hawa? Marehemu baba yake alipasuliwa akapasulika! Mshono kutoka hapa mpaka hapa. Mtu anatibiwa, unaona ametibiwa!"

Fundi alimuuliza Daktari, "Kipi kinaweza kuharibika?"

"Waya unaweza kukataa kupita. Hapo itabidi nimpasue, na muda tutakuwa tumeupoteza. Anaweza kupoteza mkono. Anaweza kufa. Sikufichi."

"Na akipasuliwa moja kwa moja?"

"Hayohayo, lakini karibu zaidi."

"Mpeleke chumbani."

"Utepe!" Mkurugenzi alitandaza mikono mbele ya mlango. "Utafunguaje? Vishikio vimefungwa pamoja, na mkasi..." Akautazama mkasi mahali ulipokuwa.

Walinzi nao walitazamana. Mlango ule ulisukumwa kuelekea ndani, na utepe ulikuwa umeunganisha vishikio vyake kama pingu. Kila mtu aliona kwamba ni kitambaa tu, na hakuna aliyethubutu kukigusa.

Fundi aliinuka. Alipitisha kidole kwenye pindo la utepe mpaka akakuta mahali alipounganisha vipande viwili. Akainama, akauma ncha ya uzi, akavuta. Utepe ukafumuka krrr, ukaanguka miguuni pa Mkurugenzi.

"Kazi yangu mwenyewe," alisema. "Nimeifumua. Piteni."

Kitanda cha magurudumu kikapita.

* * *

Ndani kulikuwa kweupe na baridi, na plastiki ya dukani ilikuwa bado imefunika kiti. Muuguzi alimletea Fundi vazi zito.

"Vaa aproni ya risasi."

"Kuna risasi tena?"

"Ni madini ya kuzuia mionzi, dada. Simama kichwani pake. Daktari anasema wewe ndiye utakayemnyamazisha."

Maana Kipaza alikuwa macho. Alidungwa ganzi kinenani tu, kwa sababu Daktari alitaka aendelee kumsikia, kisha akajuta.

"Mabibi na mabwana," Kipaza aliiambia dari, "tupo ndani ya chumba cha kisasa kabisa..."

"Baba, ukihutubia bega linacheza," alisema Daktari. "Bega likicheza, mkasi unacheza."

"Nyamaza, mume wangu," alisema Fundi.

"Mama watoto, suruali imevuliwa?"

"Imevuliwa."

"Wameiona bukta?"

Fundi alifumba macho. Bukta ile ilikuwa na tundu upande wa nyuma tangu zamani, na kila siku alisema ataishona kesho. Mke wa kushona utepe wenye bitana!

"Wameiona," alisema.

"Basi hata nikipona, nimekwisha."

Kwenye skrini, Daktari alisukuma dawa ya rangi kupitia mrija. Mshipa ukajichora mweusi, ukapanda, ukapinda kuelekea begani, kisha ukakatika ghafla mbele ya kivuli kikubwa cha mkasi. Pembeni dawa ilivuja kidogokidogo, kama wino kwenye karatasi ya chooni.

"Tundu ni lile," alisema Daktari. "Sasa, waya."

Waya ulipanda. Ukafika kwenye kivuli. Ukagonga, ukajikunja, ukarudi.

Akaugeuza mkono wa mashine ili autazame mshipa kwa pembe nyingine. Akajaribu tena. Waya ukajikunja kama paka anayekwepa kuogeshwa.

"Mke wangu," alisema Kipaza polepole, "vidole sivisikii."

Mlango ukafunguka. Ni Mkurugenzi, naye amevaa aproni na glovu. "Nilijua," alisema. "Umekataa kupita. Leta kisu."

Fundi alivibana vidole vya mumewe. Ni yeye aliyesema mpeleke chumbani. Ni yeye.

"Bado," alisema Daktari. "Nitaingia kwa upande wa pili pia. Niandalieni mkono."

Akadunga sindano nyingine kwenye kiwiko cha mkono uleule baridi, akatuma waya wa pili kutokea chini. Kutoka juu akatuma kitanzi kidogo. Kwenye skrini waya na kitanzi vilitafutana kandokando ya ncha ya mkasi, vikapishana, vikapishana tena.

Fundi aliikazia macho skrini. Aliijua kazi ile. Uzi wa juu unashuka, uzi wa bobini unangoja chini, na usiponaswa hakuna mshono.

"Umenasa!" alisema kwa nguvu, kabla hata ya Daktari.

Ulikuwa umenasa. Daktari akauvuta taratibu, na waya mmoja ukanyooka ndani ya mshipa kutoka pajani mpaka kiwikoni, ukipita nyuma ya mkasi.

"Najaza puto ndani ya mshipa," alisema. "Damu imesimama. Sasa nahitaji mtu wa kuuchomoa mkasi. Unyooke njia ileile uliyoingilia. Mikono yangu haitoshi."

Mkurugenzi alisogea. Mikono yake, iliyoshindwa kukata utepe, ilishika mpini na kutulia kabisa. Akauvuta mkasi kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mwanawe.

Ukatoka.

"Weka kidole kwenye jeraha, Bosi. Vizuri. Bitana inakwenda."

Kwenye skrini kitu chembamba kilipita juu ya waya, kikafika kwenye tundu, kikajikunjua kama mwavuli wa mtoto. Puto likalegezwa. Dawa ya rangi ikasukumwa mara ya mwisho, na safari hii ilipita begani bila kusita, ikashuka kwenye mkono mpaka vidoleni. Haikuvuja hata tone.

Fundi alikuwa ameshika vile vidole. Vilianza kupata joto, kimoja baada ya kingine.

"Naruhusiwa kusema?" aliuliza Kipaza.

"Sema," alisema Daktari, akicheka kwa mara ya kwanza.

"Bukta ile ni ya kuazima."

Daktari alivua glovu. "Sikiliza, baba. Mshipa wa paja nimeutoboa na nimeubana kwa mkono mpaka ukatulia, lakini haujashikana. Lala chali, mguu huu usiukunje, usisimame mpaka jioni. Ukisimama, damu itatoka kwa kasi ambayo plasta haiwezi kuizuia. Umenielewa?"

"Kama sala."

Daktari akaingia chumba kidogo cha nyuma ya kioo kuzitazama picha upya. Mkurugenzi akabaki ameushika mkasi, akiufuta kwa spiriti. Ncha yake ilikuwa imepinda kwa kugonga mfupa.

* * *

Nje, mama mkwe alikuwa anangoja.

"Amepona, mama," Fundi alimwambia. "Mkono umerudi."

"Mshono wake una urefu gani?"

"Hana mshono. Ana plasta begani, nyingine kinenani, na ndogo hapa kwenye kiwiko."

"Hawakumpasua?"

"Hawakumpasua."

Mama mkwe aliketi polepole kwenye kiti cha wageni. "Sasa si alikuwa haumwi!" alisema. "Mwanangu huyu tangu mdogo, akikwaruzwa na paka anaaga ndugu."

"Mama, mkasi ulikuwa ndani!"

"Uliuona ukiingia. Tundu la ndani uliliona kwa macho yako?"

"Kwenye skrini."

"Kwenye skrini watu wanapaa."

Hapo ving'ora vikalia uani. Msafara wa mgeni rasmi ulikuwa umefika. Walinzi walinyoosha zulia, na mahali palipokuwa na damu wakaweka chungu cha maua. Mtu akawasha maikrofoni.

"Mabibi na mabwana!" ilisema sauti ya puani. "Historia inaandikwa!"

Fundi aliijua sauti ile. Ilikuwa ya mshereheshaji mwingine, kijana anayeitwa Mwangwi kwa sababu hajawahi kusema jambo ambalo Kipaza hakulisema kwanza.

Kama yeye ameisikia, na mwenye bukta ameisikia.

Aligeuka. Mlango ulikuwa tayari unafunguka. Kipaza alitoka, suruali yake nyeupe imepigwa pasi ya mikono, bega limefunikwa na koti la Mkurugenzi. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa amemshika kiuno.

"Maneno mawili tu," Mkurugenzi alikuwa akimwambia. "Kumkaribisha na kumshukuru. Mtu mwenyewe hujapasuliwa."

"Yule mtoto ananiibia historia yangu," alisema Kipaza kwa meno yaliyobanwa.

"Mume wangu! Umeambiwa ulale!"

"Mguu sikuukunja, mke wangu. Nimeuburuza."

Mkurugenzi aliuvuta mlango nyuma yao, akaokota utepe uliofumuka, akavifunga vishikio. Hakufunga fundo la zawadi. Vidole vyake, vilivyokuwa vimeamka siku ile, vilifunga fundo la daktari wa upasuaji, lile lisilolegea.

Daktari alikuwa bado ndani.

Mgeni rasmi aliingia kwa makofi. Walinzi walitandaza mikono, na Fundi akajikuta amebanwa nyuma ya migongo. Kwenye upenyo wa mabega mawili alimwona mumewe akipokonya maikrofoni kutoka kwa Mwangwi.

"Mheshimiwa mgeni rasmi!" sauti yake ilijaza ukumbi. "Nyuma ya mlango huu kuna tiba isiyoacha alama! Na shahidi ni mimi!"

Watu walicheka, wakapiga makofi. Kipaza alisimama kando ya utepe, mahali palepale aliposimama asubuhi.

Na kwenye suruali nyeupe, juu ya paja, Fundi aliona kitu chekundu. Kilikuwa kama kifungo cha shati. Akapepesa macho. Kilikuwa kama kisosi.

"Anatoka damu!" alipiga kelele. "Mwiteni Daktari!"

"Mama, subiri utepe ukatwe," alisema mlinzi kwa heshima.

Fundi aliinama, akapita chini ya mkono wake. Alimfikia mumewe wakati magoti yanamkatika, akamlaza kando ya mlango, akaweka viganja viwili juu ya kinena na kukandamiza kwa uzito wake wote. Damu ilikuwa ya moto. Ilipita kati ya vidole.

"Mnaanza bila kukata utepe?" mgeni rasmi alimuuliza Mkurugenzi, akidhani ni igizo.

Mlango ukatikisika. Daktari alikuwa amesikia kelele na sasa alikuwa akiuvuta kutoka ndani. Kila alipovuta, fundo lilizidi kukaza. Mtu mmoja nyuma, akidhani ni ngoma, alianza kupiga makofi kufuata mdundo.

"Kata, mheshimiwa!" alisema Mkurugenzi, jasho likimtiririka. "Kata haraka!"

Mgeni rasmi akabana mkasi uleule wa dhahabu aliokabidhiwa. Utepe haukukatika. Akabana tena.

Fundi aliinua uso. Utepe ulikuwa karibu na mdomo wake. Mikono hakuweza kuiondoa, lakini meno yalifika. Aliitafuta kwa midomo ncha ya utepe, ile ya kulegezea fundo, akaipata.

Ilikuwa imefungiwa ndani ya fundo.

"Tulia, mama, naona utepe unaanza kuachia," alisema mgeni rasmi, akapanua miguu, akaushika mkasi kwa mikono miwili juu ya kichwa cha Kipaza, na kuuvuta kwa nguvu zake zote.